Sura ya Nne: Ngurumo, Mvumo na Uvumi katika Delta ya Rufiji

Kiswahili hakina jina moja la sauti kubwa inayotetemesha kifua cha msikilizaji, na anayetaka kuitaja sauti hiyo hana budi kuzingatia imetoka kwa nani, imedumu kwa muda gani, na imemfikia kutoka umbali upi. Simba hunguruma na mbingu hunguruma. Upepo, bahari na kundi la nyuki huvuma. Ngoma kubwa hurindima na ardhi hurindima chini ya nyayo za wachezaji. Tumbo na maji yaliyo karibu kuchemka hututuma. Mti uliokatwa huanguka kwa kishindo. Maneno haya hukaribiana, na katika mazungumzo ya kila siku hubadilishana nafasi bila mtu kulalamika, lakini kila moja lina kitovu chake cha maana, na sura hii inajishughulisha hasa na mawili kati yake, yaani nguruma na vuma, pamoja na ukoo wa maneno yaliyozaliwa nayo. Mahali pa kuyatazamia ni delta ya mto Rufiji na nchi kavu inayoizunguka upande wa Kibiti, kwa sababu historia ya eneo hilo inaonyesha, kuliko ya maeneo mengi ya pwani, jinsi sauti isiyoonekana chanzo chake inavyogeuka kuwa habari.

Neno nguruma lina umbo la tanakali sauti, yaani neno ambalo matamshi yake yanaiga sauti inayotajwa. Ulimi huanzia nyuma kinywani kwa ng, irabu u hujirudia kana kwamba koo limeachwa wazi, r hutikisika katikati, na m hufunga midomo wakati mtetemo bado unaendelea puani. Lugha nyingine zimefanya kazi hiyo hiyo kwa vifaa vyao wenyewe. Kilatini kilikuwa na rugire, ambalo Kifaransa kimelirithi kama rugir, na Kiingereza cha kale kilikuwa na rarian, ambalo leo ni roar. Kufanana huku kwa r na irabu nzito hakuonyeshi undugu wowote kati ya lugha hizo na Kiswahili. Kunaonyesha tu kwamba masikio ya binadamu yalimsikia mnyama yule yule, na kila jamii ikamwiga kwa namna ambayo sarufi yake iliruhusu.

Nguruma lilikuwa na nguvu kiasi kwamba hata Kiarabu, lugha iliyokipatia Kiswahili mamia ya maneno, hakikuweza kuliondoa mahali pake. Neno la Kiarabu ra'd maana yake ni ngurumo, na ndilo jina la sura ya 13 ya Kurani, hivyo limekuwa likisomwa katika vyuo vya pwani kwa karne nyingi. Lilipoingia katika Kiswahili likawa radi, lakini liliikuta sauti ya mbinguni imeshapewa jina, likasogea kando na kuchukua kazi ambayo haikuwa na mwenyewe kwa ukamilifu: radi ikawa ile nguvu inayoshuka kutoka mawinguni na kupasua mnazi au kuua mtu. Hivyo Mswahili husema kwamba mtu amepigwa na radi, kwamba umeme umemulika, na kwamba ngurumo imesikika, akiligawa tukio moja la anga katika mambo matatu, yaani pigo, mwanga na sauti. Mgawanyo huu ni wa kupendeza, na unastahili kukumbukwa na kila anayedhani kwamba neno lililokopwa huja kufidia upungufu wa lugha inayokopa. Mara nyingine huja, likakuta kiti kimekaliwa, na kuilazimisha lugha iwe na uangalifu zaidi kuliko ilivyokuwa.

Delta yenyewe ina umbo linaloyapa maneno haya uzito wa pekee. Mto Rufiji, baada ya kukusanya maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, hufika karibu na bahari na kugawanyika katika matawi mengi yanayotoka kwa vinywa kadhaa, miongoni mwavyo Simba Uranga, Kikunja, Kiomboni na Msala, mkabala na kisiwa cha Mafia. Kati ya matawi hayo umesimama msitu wa mikoko wenye ukubwa wa takriban hekta 53,000, ambao ni mkubwa kuliko mingine yote ya aina hiyo katika Afrika Mashariki, na ambao tangu zamani umetoa boriti za kuezekea nyumba za pwani hadi Uarabuni. Mtu aliye ndani ya mtumbwi katika mkondo mwembamba haoni zaidi ya kona inayofuata. Bahari iliyo nyuma ya ukuta wa mikoko humfikia kama mvumo wa mawimbi yanayovunjika kwenye mafungu ya mchanga, kiboko humfikia kama mkoromo kabla ya kichwa chake kutokeza, na mashua yenye injini husikika muda mrefu kabla haijaonekana. Katika mazingira ya namna hii sikio hutangulia jicho, na lugha inayotofautisha sauti kwa chanzo na umbali ni chombo cha usalama.

Simba ndiye mfano ulio wazi kuliko yote. Ngurumo yake huweza kusikika umbali wa kilomita nane usiku usio na upepo, nayo kazi yake ni kutangaza milki na kuwaita wenzake waliotawanyika. Kwa mkulima wa bonde la Rufiji ngurumo hiyo ina habari ndani yake: inasema simba yupo upande gani na yuko mbali kiasi gani. Anapowinda, simba hunyamaza kabisa, na methali ya Kiswahili inayosema kwamba simba mwenda pole ndiye mla nyama imebeba ukweli ambao watu wa Rufiji waliulipia kwa damu. Kati ya mwaka 2002 na 2004 simba mmoja aliwaua zaidi ya watu 30 katika vijiji vya wilaya ya Rufiji, na alipouawa mwezi Aprili 2004 alikutwa na jipu kubwa chini ya jino la nyuma lililopasuka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la Nature, ukiongozwa na Craig Packer, ulionyesha kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua watu wasiopungua 563 nchini Tanzania na kujeruhi zaidi ya 308, na kwamba nguruwe pori walikuwa sehemu kubwa ya chanzo cha maafa hayo.

Mnyororo wa mambo ni huu: nguruwe pori huharibu mazao, mkulima huhamia shambani kuyalinda wakati wa kukomaa na kuvuna, hulala katika kibanda dhaifu au juu ya dungu, yaani jukwaa la miti lililoinuliwa kwa nguzo na kuezekwa, na simba anayewafuata nguruwe hukutana na mtu ambaye ni rahisi kumpata kuliko nguruwe mwenyewe. Usiku mzima mlinzi wa shamba hupiga debe na kupaza sauti ili kuwafukuza nguruwe, kumbe kelele zake zinamweleza simba mahali alipo. Ngurumo inayosikika mbali humpa mtu huyo nafasi ya kujihami, na kimya ndicho kinachomwacha bila kinga. Wanaoandika kuhusu simba kwa ajili ya watalii hupenda kuieleza ngurumo kama kilele cha hatari, na kwa kufanya hivyo huyageuza maarifa ya mashambani miguu juu.

Uhusiano huu wa sauti na hatari unapatikana pia katika neno moja la Kiingereza ambalo asili yake imewapoteza hata wenye lugha. Neno hilo ni uproar, ambalo leo maana yake ni makelele ya watu wengi kwa pamoja, zogo, au mngurumo wa umati uliokasirika. Anayelitazama hudhani kwamba limeundwa na up, yaani juu, na roar, yaani ngurumo, na kwamba maana yake ya kwanza ilikuwa ngurumo inayopanda juu. Sivyo ilivyo. Neno hilo liliingia katika Kiingereza katika karne ya 16 kutoka Kiholanzi oproer, ambalo sehemu yake ya pili, roer, maana yake ni mwendo au kukoroga, na ndugu yake wa Kijerumani ni Aufruhr. Maana ya oproer ilikuwa uasi, yaani watu kukorogeka na kuinuka dhidi ya watawala, na hapakuwa na sauti yoyote ndani yake. Waingereza walipolisikia wakalinganisha sehemu ya pili na neno lao la ngurumo, wakaliandika kwa tahajia ya ngurumo, na taratibu maana ikafuata tahajia, mpaka uasi ukawa kelele.

Wanaisimu huliita badiliko la aina hii etimolojia ya umma, yaani maelezo ya asili ya neno yanayotungwa na wasemaji kwa kufuata mfanano wa nje, ambayo huweza kuwa na nguvu ya kulibadilisha neno lenyewe. Hata hivyo katika kisa hiki kuna jambo lililo zaidi ya tahajia. Kugeuka kwa uasi kuwa kelele kunaendana na namna watawala wanavyoufahamu uasi, kwa kuwa kwao huanza siku wanayousikia, ilhali kwa waasi wenyewe umeanza kitambo, tena kwa sauti ya chini.

Ushahidi wa hilo uko Rufiji. Mwaka 1904, katika kijiji cha Ngarambe, Kinjikitile Ngwale alisemekana kupagawa na pepo Hongo, akazama katika dimbwi la mto na kutoka akiwa mkavu, kisha akaanza kutoa dawa ya maji ambayo ingegeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Watu wa Umatumbi, Rufiji na nchi jirani walimiminika kwake kwa miezi mingi. Habari zake zilisambazwa kwa njia ambayo wazee waliohojiwa katika miaka ya 1960 na mwanahistoria Gilbert Gwassa waliiita njwiywila, yaani mnong'ono wa siri, ujumbe unaopita kutoka sikio moja hadi jingine bila kupaa hewani. Masimulizi hayo, yaliyochapishwa na Gwassa pamoja na John Iliffe mwaka 1968, yanaonyesha harakati kubwa iliyoyavuka mipaka ya makabila huku maofisa wa Kijerumani wakiona tu misafara ya watu wanaokwenda kwa mganga. Mwezi Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa mipamba, vita vya Maji Maji vikalipuka, na tarehe 4 Agosti Kinjikitile akanyongwa Mohoro, karibu na Rufiji. Ngurumo ya Maji Maji, iliyoenea kusini yote na kufuatiwa na njaa iliyoua watu wengi kuliko risasi, ilikuwa imetanguliwa na mwaka mzima wa mnong'ono, na yeyote anayeanza kuisimulia kwa risasi ya kwanza amechukua sikio la serikali akaliacha la wananchi.

Miaka kumi baadaye delta ilisikia sauti za aina nyingine. Manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyoongozwa na Max Looff, iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha ndani ya matawi ya Rufiji, ambako Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba. Meli kubwa za Kiingereza hazikuweza kuifuata kwa sababu ya kina kidogo cha maji, na tarehe 10 Novemba walizamisha meli ya makaa iitwayo Newbridge katika mmoja wa mikondo ya delta ili kuuziba. Mwishowe zililetwa meli mbili bapa zenye mizinga mizito, Severn na Mersey, zilizoweza kupita katika maji ya kina kifupi, nazo zikashambulia tarehe 6 Julai 1915 na tena tarehe 11 Julai, siku ambayo Königsberg iliharibiwa na mabaharia wake wakaikamilishia kazi kwa kuilipua wenyewe.

Jambo linaloifanya vita hiyo ihusike na sura hii ni kwamba wapiganaji hawakuonana. Kati ya Königsberg na meli zilizoishambulia palikuwa na kilomita nyingi za mikoko, na mizinga ya pande zote mbili ilipigwa kwa kuinuliwa juu ya msitu. Waingereza walitegemea ndege zilizoruka kutoka Mafia na kutuma kwa redio taarifa za mahali makombora yalipoangukia. Tarehe 11 Julai ndege ya John Cull na mwenzake Arnold iliendelea kutuma taarifa hizo hata baada ya injini yake kupigwa, mpaka ilipoanguka mtoni na wote wawili wakaokolewa. Wajerumani nao walikuwa na walinzi waliojificha ufukweni na juu ya miti, wakitoa habari kwa simu. Kwa wakazi wa vijiji vya delta, ambao hakuna upande uliowaomba ruhusa, vita hiyo ilikuwa sauti juu ya vilele vya mikoko: mizinga iliyolia mahali fulani na makombora yaliyoangukia mahali pengine, na katikati yake mvumo wa ndege, chombo ambacho wengi wao hawakuwa wamewahi kukisikia.

Kiswahili kilizikabili sauti hizo kwa akiba iliyokuwa nayo. Mzinga, ambalo kwanza ni gogo lililotobolewa na kutundikwa mtini kwa ajili ya nyuki, lilikuwa tayari limepewa silaha hiyo kwa sababu ya umbo lake, na kitenzi kilichotumika kwa sauti yake kilikuwa ni lia, kile kile cha mtoto na cha ndege wa porini. Kwa bunduki ya rashasha likatumika bombomu, tanakali sauti ambayo kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 iliihifadhi, na ambayo inatoka katika karakana ile ile ya fikra iliyokuja kuzaa pikipiki na tingatinga. Mizinga ya Königsberg iliopolewa mtoni, ikawekwa juu ya magurudumu, na kuendelea kulia katika mapigano ya nchi kavu. Mmoja wao unaonekana hadi leo Fort Jesus, Mombasa.

Kitenzi vuma kina historia iliyotulia zaidi, na matunda yake ni mengi kuliko ya nguruma. Ukichunguza matumizi yake ya kawaida utaona kwamba hutaja sauti inayoendelea bila kukatika na ambayo mwenyewe hayupo mbele ya msikilizaji: upepo hauonekani, bahari iko nyuma ya mikoko, ngoma iko kijiji cha pili. Anayesema simba ananguruma amemtaja mwenye sauti; anayesema kunavuma ameitaja sauti iliyofika peke yake. Kutoka hapo hatua ya kufikia habari ni fupi sana, kwa kuwa habari za mtu asiyekuwepo nazo hufika bila mwenyewe, na ndiyo maana mtu mashuhuri huitwa mtu anayevuma. Methali ya pwani isemayo kwamba baharini avumaye papa, kumbe wengi wapo, inategemea maana hiyo kikamilifu, kwa kuwa papa hatoi sauti. Kinachovuma ni jina lake, wakati samaki wengine wanaoweza kudhuru wanapita bila kutajwa. Kizulu, lugha iliyo mbali sana na Rufiji lakini ya familia moja ya Kibantu, kinatumia kitenzi duma kwa maana hizo hizo mbili, kunguruma kwa mbingu na kujulikana kwa mtu.

Kutokana na shina vum, kwa kuongeza viambishi, yaani vipande vinavyotangulia au kufuata shina ili kubadili kazi yake, Kiswahili kimepata mvumo, ambayo ni sauti yenyewe. Vumi, ambayo ni ngoma yenye sauti nzito inayoambatana na chapuo yenye sauti nyembamba. Uvumi, ambayo ni habari isiyo na mwenyewe. Na vumisha, yaani kukifanya kitu kisikike au kisifike. Hata kivumishi, neno ambalo kila mwanafunzi wa shule ya msingi hukutana nalo katika somo la sarufi, lina shina hilo ndani yake, kwa kuwa kazi ya kivumishi ni kulivumisha jina, kulitangazia sifa zake. Kilatini nacho kilikuwa na rumor, lililoanza kwa maana ya kelele na kuishia katika maana ya maneno ya watu, hivyo njia kutoka mvumo hadi uvumi imepitiwa na wengi.

Tahadhari inahitajika mahali hapa, kwa sababu mtego wa uproar uko wazi kwa kila mtafiti. Mvumo ni jina la mti pia, yaani mtapa, jamii ya mnazi yenye shina nene na majani yenye umbo la upepeo ambayo husimama kwa wingi katika mabonde ya pwani, na inavutia kusema kwamba uliitwa hivyo kwa sababu majani yake huvuma upepo unapopita. Vumilia nalo limeundwa kana kwamba ni vuma lililoongezewa viambishi, na si ajabu kusikia maelezo kwamba avumiliaye ni yule anayestahimili ngurumo za wenzake. Maelezo yote mawili ni matamu, lakini umbo peke yake si ushahidi, na uchambuzi unaokubali kila mfanano utafanya kwa Kiswahili kile ambacho Waingereza walilifanyia neno la Kiholanzi.

Uhusiano wa mvumo na uvumi haujaisha kwa kuja kwa redio na simu za mkononi. Mafuriko ya Aprili 2024, yaliyozamisha mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti, yaliibua mjadala mkali kuhusu kiasi ambacho maji yalitokana na mvua na kiasi ambacho yalitokana na kufunguliwa kwa Bwawa la Julius Nyerere, mradi wa megawati 2,115 uliojengwa juu ya mto, mbali na macho ya wanaoishi katika delta. Wakulima waliozoea kuusoma mto kwa rangi, kwa kasi na kwa sauti walijikuta wakipokea maji ambayo chanzo chake kilikuwa lango la saruji wasiloliona, na pale ambapo taarifa rasmi ilichelewa au haikueleweka, uvumi ulijaza pengo, kama inavyotarajiwa kwa neno lenye asili hiyo. Kuwalaumu watu kwa kuvumisha, bila kuwapa njia ya kumjua mwenye sauti, si haki.

Kazi kubwa iliyobaki ni ya kamusi. Kueleza nguruma kwa kumtaja simba, na kumweleza simba kwa kuitaja ngurumo, ni kuzunguka mahali pamoja, na tofauti za umbali na muda ambazo wasemaji huzizingatia hazipati nafasi. Mbaya zaidi, lugha za asili za eneo lenyewe, yaani Kindengereko, Kirufiji na Kimatumbi, ambazo wanaisimu wameziweka pamoja katika kundi moja la Kibantu, zinapoteza wasemaji wake kwa Kiswahili kizazi baada ya kizazi. Eva-Marie Ström alichapisha sarufi ya Kindengereko mwaka 2013 kama tasnifu ya Chuo Kikuu cha Gothenburg, na kazi hiyo ni msingi mzuri. Lakini msamiati wa sauti za mto, wanyama, ngoma na hewa haukusanywi kwa maswali ya ofisini. Hukusanywa na mtu anayekaa katika dungu pamoja na mzee wa Kindengereko msimu wa mpunga unapokomaa, akauliza jina la kila kinachosikika, na kuandika pia jina ambalo sauti hiyo hupewa inapokaribia.